Ukungu wa Mume Wangu

Miaka ile mimi na mume wangu tulikuwa tunafanya kazi chumba kimoja, meza zetu zikitazamana, ndani ya ghala la zamani huko mtaa wa Digbeth, Birmingham, lililopakwa rangi nyeupe na kugawanywa vyumba vya kampuni ndogo ndogo. Kampuni yetu ilitengeneza programu za simu. Mume wangu alikuwa fundi wa upande wa iPhone, mimi wa upande wa Android. Kila programu tuliitengeneza mara mbili, yake na yangu, na mteja alitaka zote zifanane, mtu asiweze kusema hii ni ya nani.

Watu walituona tumebahatika. Asubuhi tunapanda basi moja Stratford Road, mchana tunakula chakula tulichofunga pamoja, jioni tunampitia binti yetu shuleni. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na yeye ni wa Bukavu. Tulikutana hapa hapa Birmingham, kanisani, kwenye ibada ya Kiswahili ambako kila mtu anaomba kwa Kiswahili cha kwao na Mungu anajipangia mwenyewe. Kiswahili chake hakijali ngeli. Kila kitu kwake "iko". Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, baadaye nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuipenda ile "iko" yake.

Nasema haya ili ieleweke kwamba hatukuwa na ugomvi. Mtu akisikia mke ana wivu, moja kwa moja anamtafuta mwanamke mwingine kwenye hadithi. Hapa hakuna. Wivu wangu mimi ulikuwa wa kazi, na ulianza siku tulipopewa ukungu.

Mteja alikuwa mama mmoja wa kanisani kwetu, Mkenya, aliyekuwa nesi kwa muda mrefu kisha akafungua kampuni yake ya walezi, wale wanaopita majumbani kuwaogesha wazee na kuwapa dawa. Ofisi yake ilikuwa Tyseley, juu ya karakana ya vyuma, na ukienda kuzungumza naye inabidi upaze sauti. Alitaka programu ambayo kila mlezi ataona kwenye simu yake anakwenda kwa nani, saa ngapi, mzee anakunywa dawa gani, na namba ya kufungulia kisanduku cha funguo pale mlangoni.

"Sasa shida yangu ni hii," alituambia siku ya kwanza alipokuja Digbeth, akiwa bado na koti lake. "Wasichana wangu wanasoma haya mambo kwa basi. Mtu ameketi nyuma yake anaona jina la mzee, anaona nyumba, anaona namba ya mlango. Ataingia amchinje! Nataka mambo yafichwe mpaka mlezi mwenyewe aweke kidole."

Bosi wetu, Mwingereza mpole aliyependa kuchora kwenye ubao, hakujua Kiswahili lakini maneno alitafsiriwa. Akasema tusiweke pazia jeusi, maana watu watadhani simu imeharibika. Akapendekeza ukungu, kama kioo cha bafuni. Unaona kwamba nyuma kuna maandishi, unaona kuna picha ya mtu, ila huwezi kusoma wala kumtambua. Ukiweka kidole, ukungu unaondoka.

Yule mama akapenda. Mimi pia nikapenda, na nikaanza kazi asubuhi iliyofuata nikiwa na furaha kabisa.

Kabla ya chai ya saa nne, mume wangu alikuwa amemaliza.

Ni lazima nieleze kidogo. Kwenye iPhone, waliotengeneza simu walikuwa wameshaweka kile kioo cha ukungu tayari, kimekunjwa kabatini. Fundi anachofanya ni kusema: kitundike hapa. Mistari michache tu. Kwenye Android, miaka ile, hakukuwa na kitu kama hicho. Ilibidi uipige picha skrini yako mwenyewe, uifinye ile picha iwe ndogo kabisa, uchanganye kila nukta yake na majirani zake mpaka ivurugike, kisha uitanue tena na kuitundika mbele ya mambo unayotaka kuficha. Na yote hayo yafanyike mtu asijue kwamba yamefanyika.

"Mama, njo uone," mume wangu aliniita kutoka upande wa pili. Kwao mke ni mama. Akanionyesha simu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya jina la mzee wa majaribio, mweupe, laini, na alipoisogeza skrini kutoka pembeni, rangi za nyuma zilikuwa zinapita chini yake taratibu kama samaki chini ya barafu. Akaweka kidole juu ya jina. Ukungu ukayeyuka.

"Iko muzuri, hapana?"

"Ni mzuri," nikasema. Ulikuwa mzuri kweli, na hapo ndipo kitu kilinichoma. Kama ungekuwa mbaya ningemsaidia kwa moyo mweupe.

Bosi alikuja, akaitazama ile simu, akapiga makofi. Wale wa chumba cha jirani, waliokuwa wanatengeneza mabango, wakaja kuona makofi ni ya nini, nao wakapiga. Mume wangu akacheka kwa aibu, akasema "Bon, si kitu," na alikuwa anasema kweli, lakini kwa namna aliyoisema ilionekana kama unyenyekevu, na makofi yakaongezeka.

Jumapili iliyofuata yule mama alinisimamisha nje ya kanisa, akanishika mikono yote miwili.

"Binti yangu, Mungu amekupa mume! Yule kijana ana akili! Nimeonyesha kila mtu. Angalia." Akatoa iPhone yake, akaweka kidole, akaondoa, akaweka tena, kama mtoto na taa. "Na wewe yako inaendeleaje?"

"Inakuja, mama."

"Usijali. Muulize mzee wako akusaidie."

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mume wangu alikuwa pale pembeni akipewa sambusa na akina mama wengine waliotaka kuuona huo ukungu. Mkononi alikuwa na sahani mbili. Mimi sikupewa hata moja.

Yangu haikuwa inakuja. Kwenye simu ghali ilikuwa nzuri kiasi. Lakini walezi hawakuwa na simu ghali. Wote walikuwa na Android za bei ya chini, zilizojaa picha za harusi na video za mahubiri, na kwenye simu za namna hiyo programu yangu ilikuwa inaganda. Unafungua ukurasa wa mzee, skrini inasimama, inafikiri, kisha ukungu unashuka kwa vipande kama shuka linalovutwa na mtu mchovu. Nikapunguza picha, ukungu ukawa na ngazi ngazi. Nikaiongeza, simu ikapata moto mkononi.

Na kila nilipoinua macho, niliona uso wa mume wangu ng'ambo ya meza, ametulia, anafanya mambo mengine. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi mdogo akifanya kazi rahisi. Sikuwahi kuuchukia mluzi wake kabla ya mwezi ule.

Nyumbani haikuwa nafuu. Binti yetu, aliyekuwa darasa la pili, alipata mchezo wa kuweka simu zetu mbili mezani na kufungua programu kwenye zote kwa pamoja, aone ipi itashinda. Ya baba yake ilishinda kila siku. Nilimwambia kwa Kiswahili aache simu ale. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ya Daddy ni laini zaidi.

"Ya mama iko na kazi mingi zaidi," mume wangu akamwambia.

Alikuwa ananitetea. Lakini kuna wakati kutetewa kunauma kuliko kusemwa, na mimi nilisikia ni kama amesema kwa mtoto wetu kwamba mama hawezi. Nikainuka kuosha vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavitumia kula.

Halafu ikaja siku ya mafunzo kule Tyseley. Yule mama aliwakusanya walezi wake wote waonyeshwe programu. Bosi alimtuma mume wangu, kwa sababu yake ilikuwa tayari. Ilikuwa sababu ya haki. Nilibaki Digbeth, nikamwona kupitia dirisha akivuka barabara kuelekea kituo cha basi, amevaa lile shati la bluu nililomnunulia Stratford Road. Nililipiga pasi mwenyewe asubuhi. Aliporudi alikuwa na furaha, akanisimulia jinsi walivyoshangaa, jinsi mmoja alivyosema ni uchawi, jinsi walivyomtilia soda. Mimi niliuliza swali moja tu.

"Uliwaambia kwamba wao watatumia ile ya Android?"

"Niliwaambia inakuja."

"Uliwaambia ni nani anaitengeneza?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Sikumbuke kama waliuliza."

Wiki iliyofuata yule mama alikuja ofisini na simu ya mmoja wa walezi wake, Android yenye kioo kilichopasuka kona, niiwekee programu yangu ilivyokuwa aone. Bosi alikuwepo, mume wangu alikuwepo. Nikaweka, nikampa. Akafungua ukurasa wa mzee wa majaribio.

Skrini ikasimama. Na kwa kitambo kidogo, kabla ukungu haujashuka, kila kitu kilionekana wazi: jina, nyumba, dawa, namba ya kisanduku. Kisha ukungu ukaja, vipande vipande.

Yule mama alirudia mara ya pili, akarudia tena. Akavua miwani.

"Kwa nini inaonyesha kwanza ndio ifiche? Mimi sitaki mtu wa nyuma afichwe alichokwisha kuona. Mimi nataka asione kabisa." Kisha akageuka, si kwangu bali kwa mume wangu. "Kijana wangu, hebu msaidie dada."

Mume wangu akasema upesi kwamba yeye hajui Android, kwamba mimi ndiye ninayejua, lakini yule mama alikuwa ameshaanza kumtikisia kichwa kwa upendo, akidhani ni unyenyekevu ule ule.

Jioni ile, tulipokuwa tunapika, alijaribu. Alikuja nyuma yangu akaweka kidevu begani kwangu.

"Nionyeshe. Labda macho ingine itaona kitu."

"Sitaki macho mengine."

"Mama, mimi niko tu nasaidia."

"Wewe ulisaidiwa na simu yenyewe! Ulitundika kioo cha watu, ukapigiwa makofi. Mimi nafinyanga kioo kwa mikono, halafu naambiwa niulize fundi wa kutundika!"

Hatukuzoea kupandishiana sauti. Alirudi nyuma, mikono juu, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kisha akasema, polepole, "Ni kweli. Yangu haikuwa kazi."

Nilitarajia kusikia hivyo kungenituliza. Hakukunituliza hata kidogo. Kama haikuwa kazi, basi walikuwa wamempigia makofi bure, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Lakini maneno ya yule mama yalinibaki, hata kama nilikuwa nimeyapokea kwa hasira. Sitaki afichwe alichokwisha kuona, nataka asione kabisa. Siku iliyofuata nikiwa mezani nilielewa kwamba nilikuwa ninaanzia mwisho. Mimi nilikuwa nafungua skrini iliyo wazi, kisha ninahangaika kuiziba. Kwa nini iwe wazi tangu mwanzo? Mlezi anapopokea ratiba yake asubuhi, simu inakaa muda mrefu mfukoni bila kazi. Wakati huo ndio wa kutengeneza ukungu, mapema, picha ndogo tu kwa kila mzee, ikae inasubiri. Akifungua ukurasa, kitu cha kwanza kuja kiwe ukungu. Yaliyo wazi yasichorwe kabisa mpaka kidole kiwekwe.

Nilifuta karibu kila kitu nilichokuwa nimeandika tangu mwanzo. Nilifuta kwa raha, nikaanza upya, na mluzi wa upande wa pili sikuusikia tena, au labda alikuwa ameacha.

Ilipokuwa tayari nilichukua simu mbovu kuliko zote tulizokuwa nazo ofisini, ile ambayo betri yake ilikuwa imevimba kidogo, nikafungua. Ukungu ulikuwa pale. Haukushuka, haukuja; ulikuwepo tu, kama vile haujawahi kutokuwepo. Nikaweka kidole, mzee akaonekana. Nikafunga, nikafungua. Nikafunga, nikafungua.

Nikamwita bosi. Akaja, akajaribu, akaiweka kando ya iPhone ya mume wangu, akazitazama zote mbili.

"Vizuri," akasema kwa Kiingereza. "Sasa zinafanana."

Akarudi kwenye ubao wake.

Nilibaki nimesimama na simu mkononi. Hakuna aliyekuja kutoka chumba cha jirani. Kwa nini waje? Walikuwa wameshauona ukungu. Kazi yangu yote ilikuwa ni kufika pale ambapo mwenzangu alikuwa amefika kabla ya chai, na nilipofika, ilionekana kama hakuna safari iliyofanyika. Yule mama naye alipoipokea alisema, "Asante Yesu, sasa ni kama ya mzee wako." Na bosi alipoweka programu ile kwenye tovuti ya kampuni, kwenye orodha ya kazi zetu nzuri, picha aliyoweka ilikuwa ya iPhone, imeshikwa mkononi, na mkono ulikuwa wa mume wangu. Niliujua kwa pete.

Mume wangu ndiye peke yake aliyesema kitu. Alizichukua zote mbili, akaziweka chini ya meza pasipo mwanga, akazifungua kwa pamoja. "Yako inatangulia," akasema. "Kidogo tu. Yako inatangulia."

Niligeuza uso. Nilikuwa nimeshachoka kusifiwa na mtu ninayemwonea wivu.

Miezi ilipita, tukapewa kazi nyingine. Jioni moja ya mvua nilikuwa narudi peke yangu, yeye alikuwa amebaki nyumbani na mtoto mwenye mafua. Basi la Stratford Road lilikuwa limejaa, madirisha yana jasho. Dada mmoja aliyevaa sare ya walezi chini ya koti alikaa kando yangu, akampigia mtu simu akasema kwa Kiswahili cha Nairobi, "Niko kwa basi, nimebakisha mmoja tu, halafu nakuja." Akakata. Kisha akafungua programu.

Niliijua kabla sijaiona vizuri. Simu yake ilikuwa Android ya bei ya chini, kioo kina ufa kutoka juu hadi chini. Akabonyeza zamu iliyobaki, na ukungu ukawa pale, papo hapo, umetulia. Nilijikuta nimeinama nione zaidi. Sikuweza kusoma hata herufi moja.

Yule dada akaigeuzia simu kifuani.

"Samahani, unatafuta nini kwa simu yangu?"

"Nisamehe, dada," nikamjibu kwa Kiswahili, naye akashtuka kidogo. "Naangalia tu hiyo programu. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Alinitazama toka viatu hadi kitambaa cha kichwani.

"Hii? Hii ilitengenezwa na Mkongo fulani. Tulimwona kwa mafunzo, kijana mmoja smati, ana shati ya bluu."

"Huyo ni mume wangu."

"Aki ya nani!" Akacheka, uoga wote ukamtoka, akanipiga paja. "Basi una bahati, dada. Yule jamaa ametusaidia sana. Zamani niliogopa kufungua kazi kwa basi, nilikuwa nashuka ndio nisome. Sasa naona ukungu, najua kazi iko, nashuka karibu na mlango ndio naweka kidole. Mwambie asante."

Kituo chake kilifika. Aliteremka akivuta kofia ya koti, nikamwona akipita mbele ya maduka ya nguo ambayo taa zake zilikuwa bado zinawaka.

Nilifika nyumbani nimelowa. Mume wangu alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, mtoto amelala kwenye kochi. Nikamsimulia yote, pamoja na ile asante, kwa sababu nilikuwa nimeagizwa. Nilidhani atacheka. Alicheka mwanzoni, nilipofika kwenye lile shati la bluu. Kisha akaacha kukata, kisu mkononi.

"Ulimwona anaitumia? Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Mimi sijaona mutu hata mumoja anatumia yangu," akasema. "Wale walezi wote wako na Android. Yangu inatumika na yule mama peke yake, na yeye anaionyesha tu watu kanisani."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Akaendelea kukata, kisha akaacha tena.

"Ilikuja haraka?"

"Papo hapo."

"Na kioo kimepasuka?"

"Juu mpaka chini."

"Na alisema anashuka karibu na mulango ndio anaweka kidole?"

"Ndivyo alivyosema."

Alikuwa ananiuliza kwa sauti ambayo niliitambua, kwa kuwa nilikuwa nimeishi nayo kifuani mwangu tangu siku ile ya makofi. Midomo yake ilikuwa imebana kidogo upande mmoja. Ningeweza kumwambia kwamba yake ndiyo iliyowafanya waipende kwanza. Ilikuwa kweli, na yeye angenisemea vivyo hivyo. Badala yake nilivua koti, nikalitundika, nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikiwa na miguu iliyolowa, na aliponiomba nimwelezee tena tangu mwanzo, yule dada alikuwa ameishika simu namna gani, nilimwelezea taratibu, bila kuacha kitu.